Jiwe Jeupe kwenye Foleni ya Sabuni

Mimi nilikuwaga mpole, muulizeni yeyote pale mtaani kwetu Kitaji. Ila wiki ile ilinichokoza kidogo kidogo. Jumatatu nilikunywa chai bila sukari, nikanyamaza. Jumanne mafuta ya taa yakaisha, nikanyamaza. Jumatano bosi akasema shati langu linanuka majani ya mpapai, maana sabuni ilikuwa imeadimika na majani hayo ndiyo tuliyofulia. Nikacheka naye, mjinga mimi.

Alhamisi nikatoroka ofisini kwenda duka la ushirika. Nilikuta foleni ndefu, na kule mbele hakuna watu, ni mawe tu. Wenyewe waliyaweka alfajiri kushika nafasi, wakaenda zao. Hapo yote niliyoyameza yakanipanda kichwani.

“Sisi tunachomwa na jua, halafu jiwe ndilo linunue sabuni?” nikahutubia. Nikaokota la kwanza kabisa, jeupe, nikalitupa mtaroni. Watu wakanipigia makofi, nikarudi nyuma kifua mbele.

Duka lilipofunguliwa, mke wangu akatokea na kikapu, akasimama kule mbele bila kuniona.

“Jamani, jiwe langu jeupe liko wapi? Nimeliweka tangu alfajiri, mume wangu aache kunuka mpapai.”

Wale wale walionipigia makofi wakaninyooshea vidole.