Pima Gari Likiwa na Watu Wake

Kosa langu kubwa la kwanza katika kazi hii nililifanya kwa uangalifu mwingi. Nilikata madigadi za pikapu ya kaka yangu, nikazipiga msasa hadi zikawa laini kama sahani, na bado nilikosea. Nakuambia mapema, mwanangu, usije ukadhani nilikuwa mvivu. Na usicheke nikikuita mwanangu. Mvi bado sina, lakini wewe ndiye umeanza kushika grinda juzi, na aliyeshika grinda anahitaji mtu wa kumwita hivyo.

Kaka yangu Mutua alibeba ndengu kwa pikapu kuukuu, kutoka Mbumbuni hadi popote palipokuwa na mnunuzi. Shida ilikuwa kuvuka mito. Mito yetu unaijua: karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, na pikapu ile ilikuwa ikizama humo hadi tumboni. Mutua akapata matairi ya mtumba, makubwa na mapana kuliko yale ya zamani. Tulipoyafunga, ya nyuma yalikaribia kugusa bati linaloyafunika kwa juu. Bati hilo ndilo madigadi. Ilibidi nafasi iongezwe, nami nikasema nitaiongeza.

Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za simu, nikizisimamisha na kuzirudisha hadi chaji inaisha. Magari ya kwenye video yalikuwa masafi, yamesimama matupu juu ya sakafu ya simiti. Nami nikaegesha pikapu mbele ya nyumba, mahali tambarare kuliko pote, nikachora mstari wa chaki kuzunguka kila tairi, nikafuta, nikachora tena. Nilitaka vidole vyangu vipite kati ya tairi na bati bila kubanwa na bila kulegea, mbele, juu na nyuma, sawasawa kabisa. Hata nikiwa nakula, niliacha sahani nikaenda kupitisha vidole tena.

"Unaipapasa kama ng'ombe wa kununua," Mutua akasema.

Bati la madigadi huwa limekunjwa ukingoni kuelekea ndani. Mimi niliuona mkunjo huo kama kitu kinachonipunguzia nafasi, nikaukata wote. Ukabaki ukingo mwembamba, mnyoofu. Niliupiga picha. Ninayo hadi leo.

Safari ya kwanza ya matairi hayo ilikuwa siku ya ntheo ya Mutua, siku ya kupeleka mbuzi wa posa. Wewe ni wa kwetu, unajua: hao mbuzi wasipofika kwao msichana, hata mkikaa pamoja na kuzaa, wazee hawamhesabu kuwa mke. Kwao Mwende, mchumba wake, ni ng'ambo ya mto, ukishapita Kalamba. Walikuwa wametuomba jambo moja tu, tufike kabla ya saa saba. Babu yake Mwende alikuwa mgonjwa, mchana ukisonga hakuwa na nguvu ya kukaa na wageni, naye alitaka kuwapokea mbuzi kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyesema waziwazi kwamba huenda siku nyingine asiweze. Hakukuwa na haja.

Mama akatuombea, tukaondoka. Niliendesha mimi. Mutua alikaa kando yangu na suti yake. Nyuma walipanda wazee wetu wakiongozwa na mjomba Kyalo, ndugu ya mama, pamoja na shangazi zetu, mbuzi watatu na kreti za soda. Njia ilikuwa nzuri, nami nilikuwa nasikiliza matairi tu. Tulipoanza kuteremka mtoni, shangazi mmoja akagonga paa.

"Kuna kitu kinaungua!"

"Ni marashi yako," mjomba akamjibu. "Umejipaka kama wewe ndiwe unaolewa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ile harufu niliijua. Ilikuwa mpira. Kabla sijapata mahali pa kusimama, gurudumu la nyuma upande wangu likatumbukia kwenye shimo, mzigo wote ukalalia upande huo, na nikasikia sauti kama ya kitambaa kizito kinachopasuliwa. Pikapu ikakaa chini polepole.

Ukingo wangu mzuri ulikuwa umelichana tairi.

Mjomba akashuka. Akainama, akapitisha kidole kwenye bati, akakirudisha haraka. "Hii ni kisu," akasema. Nilisubiri anigombeze. Badala yake alichungulia huku na huku, kama mtu anayetafuta mahali kuku ametagia.

"Ulipima hii gari ikiwa imebeba nani?"

"Haikuwa na mtu, mjomba."

"Hata mbuzi?"

"Hata mbuzi."

"Basi ulipima gari ingine. Hii yenyewe hakuna mtu ameijua bado."

Tairi la akiba lilikuwa lile dogo la zamani, na jeki ilikuwa ikizama mchangani kila nilipoipandisha. Mutua alitazama saa, akatazama kilima cha ng'ambo, akatazama saa tena. Afadhali angenitukana. Mjomba ndiye aliyekata shauri. "Mbuzi wana miguu. Sisi pia tuko nayo. Twende." Wakavuka kwa miguu, wazee wakivuta kamba, shangazi wameinua kanga wasikanyage, bwana arusi ameshika viatu mkononi.

Nilibaki peke yangu na soda. Nilitafuta jiwe bapa, nikaliweka chini ya jeki, nikafunga lile tairi dogo. Kisha nikavuka mto, nikapanda kilima na pikapu tupu, na sasa sikia jambo ambalo hadi leo linaniuma kuliko kuchanika kwenyewe: tairi kubwa lililobaki, la upande wa pili, halikugusa popote. Hata kidogo. Likiwa tupu, gari lilikuwa sawa kabisa kama nilivyolipima.

Nilipofika, kitu cha kwanza nilichoona ni mzee aliyejifunika blanketi, ameketi kitini katikati ya uwanja. Ameshika kamba ya mbuzi. Walikuwa wamewahi.

"Huyu ndiye fundi?" akauliza yule babu.

Nilitaka kusema barabara ni mbaya. Nikaona wazee wote wananitazama, nikaeleza ukweli wote, hata habari ya picha. Mutua akaanza kucheka, kisha wote wakacheka, isipokuwa babu. Yeye alikuwa anafikiri.

"Sasa gari ikibebeshwa, tairi huenda wapi?"

"Juu, babu."

"Umeona ikienda?"

Sikuwa nimeona. Hakuna aliyekuwa ameona, ingawa kila mmoja pale alikuwa amepanda magari maisha yake yote. Babu akaikabidhi kamba kwa mjukuu wake Mwende, akainuka na fimbo yake. "Basi tuione," akasema.

Ndivyo wazee wa pande mbili, waliokuwa hawajamaliza hata kusalimiana vizuri, walivyopanda pamoja nyuma ya pikapu katikati ya ntheo. Tuliegesha lile gurudumu kubwa juu ya rundo la udongo ili upande huo ubanwe zaidi. Mimi nikalala chini na kipande cha mkaa, suruali yangu ya sherehe ikiwa mavumbini.

"Ketini upande huu! Wote!" nikawaita kutoka chini.

"Mkwe, sogea, unanikalia!"

"Bado sijawa mkwe wako, soda haijafunguliwa!"

Na nikaona. Tairi halikwenda juu peke yake. Lilikwenda juu na kurudi nyuma. Springi za nyuma, zile bamba za chuma zilizopinda, zikilemewa hunyooka, zikinyooka zinakuwa ndefu, na ekseli inayobeba magurudumu inasukumwa nyuma. Ile nafasi niliyoitunza kwa mbele haikuwa na kazi yoyote, na kwa nyuma bati lilikuwa limeguswa kabisa. Nilichora kwa mkaa mahali hasa lilipogusa. Ulikuwa mstari mbaya, umepinda, haufanani na chochote nilichowahi kukiona kwenye simu. Nilibaki nimelala pale nikiutazama hadi mjomba akauliza kama nimekufa.

Jirani mmoja alituazima mkasi wa bati. Nilikata mipasuo mifupi hadi kwenye alama, nikakunja vipande vile kuelekea ndani na juu, ili tairi likigusa likutane na mgongo wa bati, si makali. Kuvilaza kulihitaji kitu kizito kisicho na pembe. Bibi yake Mwende akaleta mchi wake wa kinu.

"Huu unatwanga mahindi ya muthokoi," akaniambia. "Ikinuka gari, wewe ndiye utaimaliza sufuria nzima."

Upande wa pili niliufanya kwa kuiga ule wa kwanza. Madigadi hazikupendeza. Jioni tulivuka mto tukiwa tumejaa, kwa mwendo wa polepole, na lile tairi kubwa halikugusa.

Mwanangu, najua jinsi unavyorudia kupima, maana nami bado narudia. Sikukatazi. Ila kabla ya kuchukua chaki, mtafute mwenye gari umwulize anabeba nini, anapita wapi, ni shimo gani humsumbua. Libebeshe gari mzigo wake, uliinue upande mmoja, ulale chini utazame kwa macho yako tairi linakokwenda. Ukimaliza kukata, usiache makali, kunja. Na ukikosea, waambie watu ulivyokosea, huenda mmoja wao ana swali ambalo wewe hukuwa nalo.

Mungu ailinde mikono yako, na wote watakaoketi juu ya kazi yako wafike kwa wanaowangoja.

Mimi siku hizi sikati bati la gari tupu. Nawaomba wenyewe wapande kwanza.