Nilichomoa Gauni Kwenye Furushi la Mwanangu

Habari zenu wapendwa. Admin, nifichie jina, maana hapa Nachingwea ukitaja gauni tu watu washanijua. Nina miaka hamsini na saba, nimeishia darasa la saba, mkulima wa korosho na ufuta. Watoto wangu wanne wote wamenitoa kimasomaso, sisemi uongo, lakini wa kwanza, nimwite Konsolata, huyo ndiye taa. Mwezi ujao anaweka nadhiri za kwanza za usista. Ukoo mzima tumeshachagua kitenge cha sare. Mimi ndiye mama mwenye sherehe, na wiki ya pili hii sisikii furaha wala uchungu. Nimekaa tu kama gogo.

Kisa kilianza miaka ya tisini, Konso ana miaka tisa. Parokiani kulikuwa na chama cha watoto wanaosaidia watoto wenzao, alikianzisha sista mmoja mzee. Kila Epifania, sikukuu ya Mamajusi, walipeleka mafurushi kwa watoto wa vijiji vya Ruangwa, Mkristo na Mwislamu sawasawa. Kila mtoto alipewa jina la mwenzake wa kumwombea mwaka mzima, halafu anamfungia kitu chake mwenyewe. Sista alikuwa mkali: "Mama akitia mkono, hiyo si zawadi ya mtoto tena." Konso alipata jina la Somoe (si jina lake halisi), yatima wa Kiislamu aliyelelewa na bibi yake huko Narung'ombe.

Mwanangu akachagua gauni lake la komunyo ya kwanza. Jamani, lile gauni! Lasi nyeupe, mikono ya puto, mkanda wa satini, nilimshonesha kwa fundi wa mjini baada ya mavuno ya ufuta. Alipoingia nalo kanisani watu waligeuza shingo. Nikamwambia, "Konso, si umpe lile la kijani?" Akanijibu, "La kijani limechanika kwapa, mama. Wewe ungelipenda?" Kamdomo kale! Nikacheka.

Asubuhi ya Epifania, yeye yuko bafuni anaoga, nikafungua furushi. Nikachomoa jeupe, nikatia la kijani, nikafunga fundo kama alivyofunga. Sikuona dhambi. Mdogo wangu wa Chiola alikuwa na binti anayekaribia komunyo, nikasema kitu kizuri kibaki kwenye damu, nikampelekea. Konso akalibeba kichwani mpaka altareni, anaimba. Mimi nikapiga vigelegele kuliko mama yeyote.

Baada ya Idi ikaja barua ya Somoe: gauni limenikaa, niling'aa kama bibi harusi. Konso alilala na ile barua chini ya mto. Mimi nikafikiri, kumbe kwa asiye na kitu hata la kijani linang'aa. Nikaendelea kujisifu. Jumuiyani nimesema, mnadani nimesema, miaka na miaka: mwanangu alitoa gauni la komunyo.

Sasa wiki iliyopita Konso alipewa ruhusa aje kutuaga, akaja na Somoe. Mdada mkubwa, anauza chakula Ruangwa mjini, mcheshi huyo! Mlangoni tu: "Shikamoo, mama gauni!"

"Marahaba mwanangu, ndiyo mimi."

Tunakula, Konso akasema, "Mama, siku ya sherehe wewe ndiye utakayesimulia lile gauni. Wito wangu ulianzia pale. Niliona naweza kutoa ninachokipenda na nisife." Kisha akatoka kumsalimia jirani.

Somoe akasogea. "Mama, lilikuwa la kijani. Kwapa nililishona kwa uzi mweusi. Bibi alicheka, akasema kumbe hawa wa misheni nao hohehahe kama sisi. Lakini ndani mlikuwa na kikaratasi cha Konso: nakupa gauni langu jeupe. Nikajua kuna mkubwa aliyetia mkono."

"Mbona hukumwambia?"

"Mimi sina mama. Sikutaka kumharibia wake."

Nikamwambia, "Kula mwanangu, ugali unapoa."

Toka siku hiyo nabangua korosho, naosha vyombo, naulizwa rangi ya keki, najibu. Sijalia. Baba yake anasema nimechoka na maandalizi. Nikimwambia Konso ukweli sasa, naogopa ataona wito wake umesimama juu ya wizi wa mama yake, aache kila kitu. Nikinyamaza, nitashika kipaza sauti mbele ya masista na watoto wa chama, na Somoe kiti chake kimewekwa kando yangu. Alipokuwa anaondoka aliniambia, "Sema utakavyo mama, mimi nitapiga makofi."

Mama wenzangu, nishaurini. Nimwambie kabla hajaweka nadhiri, au nimwache aweke kwanza?