Usiku wa Ijumaa Ni Alhamisi

Kipande chenyewe cha programu kilikuwa na mistari mia nne na kumi na miwili. Nilihesabu mara mbili. Mara ya pili nikapata mia nne na kumi na mmoja, kwa sababu mmoja ulikuwa mtupu. Kazi yake: mteja akiandika kwenye simu "nileteeni ndizi saa mbili asubuhi," kompyuta isiyojua saa zetu ielewe kuwa kwake hiyo ni saa nane. Kiliishi ndani ya mfumo wa oda wa ofisi yetu ya Mikocheni, iliyokuwa ikisambaza mazao kutoka soko la Mabibo.

Ishu ni kwamba jamaa wa ofisi nyingine walikuwa wanajitengenezea cha kwao, na wote tukawa tunarudia makosa yaleyale. Nikataka chetu kitoke, kisimame chenyewe mtandaoni kama programu huria: anayetaka achukue, anayejua arekebishe.

Nikaenda kwa bosi, mama aliyeanza na meza ya nyanya. Kwa mtu kama huyo huanzi na bei yako ya kweli.

"Shikamoo mama. Naomba mfumo wote tuutoe bure."

"Marahaba. Umekunywa chai wewe?"

Nikashuka mpaka nusu. Akatikisa kichwa. Nikashuka tena, kwa uso wa msiba: basi hata kile kipande cha saa tu.

"Si hicho ulichokitaka tangu mlangoni?" akasema. "Kitoe. Ila nakupa mpaka mwezi uishe. Asipotokea mtu wa nje akakigusa, sitaki tena kusikia neno bure humu ndani."

Nikakitoa. Kila siku nilikichungulia asubuhi na jioni. Kufikia wiki ya tatu kilikuwa kimepata wageni tisa, wanne kati yao mimi.

Siku hizohizo dereva wetu, mzaliwa wa Temeke, alikuwa matatani. Bibi mmoja wa kulekule aliagiza nazi na viazi vya kisomo, dua ya nyumbani kwake, usiku wa Ijumaa saa moja, na wiki mbili mfululizo akalalamika mzigo umefika wageni washaondoka.

"Bosi, mzigo wa Alhamisi mnanipa Ijumaa," dereva akamwambia mama mbele yetu.

Tukamcheka. Oda inasema Ijumaa, yeye anasema Alhamisi! Mie mtu wa bara nilicheka kuliko wote.

Zikiwa zimebaki siku mbili, marekebisho yakaingia kutoka kwa mtu nisiyemjua. Mistari kumi na mmoja. Nikahesabu tena, kumi na mmoja. Chini kaandika: "Ndugu, kwa sie wa pwani siku inaanza magharibi. Usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kompyuta isikisie, iulize."

Nikajaribu oda ya yule bibi. Kompyuta ikauliza kwa adabu: "Usiku wa kuamkia Ijumaa, au wa kuamkia Jumamosi?"

Nikampelekea mama. Akasoma, akamwita dereva.

"Baba, utusamehe. Kumbe ilikuwa Alhamisi kweli." Kisha akanigeukia. "Na huyu aliyetutengenezea, anataka shilingi ngapi?"

"Bure, mama."

"Bure kabisa?"

"Kabisa."

Dereva akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa.

"Hata mie nilisemaga bure," akasema. "Tena kwa mstari mmoja."