Mama Ndani ya Kamera

Mimi hakuna kitu cha kunishtua. Nimepunguzwa kiwandani bila kiinua mgongo, nimetembeza kabichi, nimepiga picha za pasipoti barazani, na kwa darasa langu la saba nikafungua studio ya video Morogoro mjini, wenye digrii wakipanga foleni mlangoni. Aliyenizidi ajitokeze.

Biashara huria ilipoingia, kila kitu kililetwa kikiwa kimeshachoka huko kilikotoka: mashati, magari, hadi kamera za televisheni. Yangu niliinunua mnadani Dar es Salaam, kamera ya studio hasa, kubwa kama jeneza la mtoto, inasukumwa kwa magurudumu. Ndani yake mna kioo kama chupa nyembamba. Hicho ndicho kinachoona.

Mtu wa kwanza niliyetaka kumrekodi ni mama. Alikuwa hajawahi kupigwa hata picha ya kawaida. Akashuka kutoka milimani, juu ya Bigwa, kitambaa cheupe kichwani, rozari mkononi. Nikamkalisha, nikawasha kamera na taa zote. Kumbe sina kanda tupu.

"Tulia hapo hapo, mama. Usitikisike," nikamwambia, kama nilivyozoea kuwaambia watu wa pasipoti.

Nikaenda dukani. Njiani nikakutana na watu, nikasimama kuwasimulia kamera yangu. Niliporudi jua limeshavuka utosi, na mama yuko vile vile, mbele ya taa.

"Nimeshatoka, mwanangu?"

"Bado, mama. Ndiyo kwanza naanza."

Hapo hapo umeme ukakatika. Akacheka, akasema atarudi akishavuna maharage. Hakurudi. Tulimzika kule mlimani, maharage yakiwa bado shambani.

Harusi ya kwanza niliyorekodi baada ya msiba, baba wa bibi harusi alinirudishia kanda.

"Bwana mkubwa, huyu mama aliyekaa juu ya binti yangu ni nani? Na yeye nimemlipia?"

Nikatazama. Kivuli cha mwanamke, kitambaa kichwani, ametulia tuli. Fundi akanieleza kwamba kioo kimeungua: kikikodolea kitu kimoja kwenye taa kali muda mrefu, kinakikariri.

Mji ukavuma kwamba studio yangu ina mzimu. Wateja wakakatika. Mimi kila asubuhi naelekeza kamera kwenye shuka jeupe, mama anatokea, nasema shikamoo, nazima. Kodi ya chumba ikanishinda. Ikawa ama nibadili kioo, ama nifunge studio nibaki na mama.

Nilibadili. Kwanza nilimrekodi kwenye kanda, nikajiona mjanja. Masika yaliyofuata kanda zangu zote zikaota ukungu. Kioo cha zamani ninacho hadi leo. Ukikiinua juani, hakina kitu. Kumwondoa mama yangu mle ndani, kioo kipya pamoja na ufundi, nililipa shilingi laki moja na elfu themanini na saba na mia tano.