Maua ya Makaburi Mlangoni pa Godeberthe

Mtaani kwao Uvira waliyaita maua ya makaburi, kwa sababu hayakujua kususa. Jua likikausha kila kitu, yenyewe yalichanua tu, rangi ya waridi, na kijicho chekundu katikati. Mama yake Godeberthe alilala chini ya maua hayo. Ndiyo maana siku Godeberthe alipoyakuta nyuma ya kanisa dogo la Rubondo, kwenye kambi ya wakimbizi, miaka mingi baada ya kukimbia vita, alisimama kuyatazama mpaka ibada ikaanza bila yeye. Akaomba shina, akalipanda mlangoni pake.

Majirani walinong'ona kwamba mjane huyu anakaribisha wafu. Hakujali. Jioni akitoka shambani alikaa kando ya maua, ikawa kama mama yake amesogea kidogo kumpa nafasi kwenye mkeka. Mama huyo ndiye aliyemfundisha kumchemshia mwenye ugonjwa wa sukari majani ya maua hayo. Godeberthe naye alimchemshia jirani yake Cassien, mzee wa Kirundi mwenye ugonjwa huo, ambaye mara nyingine baada ya kunywa alitetemeka na kutokwa jasho. Wote wawili walisema ni dawa inafanya kazi.

Kisha shingo ya Godeberthe ikaota uvimbe. Akachemsha majani, akanywa mwenyewe, akatapika. Uvimbe haukusikia. Binti yake Yvette, muuza dagaa sokoni, alipoona mama anashindwa kugeuza kichwa, alimpeleka hospitali Mbarara. Wakakata kinyama kidogo, wakapima. Ilikuwa saratani ya tezi za limfu.

Siku ya dawa ya kwanza alilazwa karibu na dirisha. Dawa yenyewe haikuwa na rangi, ilishuka polepole kama maji yaliyosahau yanakokwenda. Macho yakamwelemea. Akajiona yuko Uvira, ziwa limetulia, mama yake anafagia kati ya makaburi bila kuinua kichwa. Hakumwita. Aliogopa akimwita ataamka.

Alipoamka alitazama nje, na chini ya dirisha, kando ya ukuta, palikuwa na maua yale yale. Kesho yake alijikokota mpaka nje akaanza kuchuma majani.

"Nyabo, mama, unatoa nini huko?" aliuliza Karekezi, muuguzi wa zamu.

"Majani ya dawa, mwanangu. Nitapika chai. Ile ya mu serumu, ya kudondokea mu mshipa, na hii yangu, zisaidiane."

Karekezi alicheka, kisha akaacha kucheka. Akachuchumaa karibu naye.

"Mama, sikia. Kwa zile dawa tunakuwekea kwa mshipa, moja ilitoka kwa hii maua."

"Hii hii?"

"Hii hii. Zamani watu walikuwa wanaikunywa kwa sukari, kama nyinyi. Wenye kutafuta dawa wakaichunguza, wakapata kitu ingine ndani, ya kupiga saratani. Lakini ni magunia na magunia ya majani, unapata kidogo tu, kama chumvi ya kushika na vidole. Na hiyo kidogo ni kali, inapimwa. Kikombe yako nani ataipima? Inaweza kukuua."

Godeberthe alifungua kiganja, majani yakaanguka moja moja. Hakuona aibu, wala hakushangilia. Alikaa tu pale kwenye nyasi, akihisi kwamba kitu kilichokuwa chake na mama yake kimezunguka dunia nzima, kikarudi kumwingia mkononi kwa njia ya sindano.

Kati ya dawa na dawa alikaa mtaa wa Ruti, kulekule Mbarara, kwa Apolline, mwenzake wa kanisa. Nywele zilidondoka. Ncha za vidole zikafa ganzi. Aligusa kikombe cha moto asijue. Lakini uvimbe uliyeyuka, na mwisho madaktari wakamwambia arudi nyumbani, awe anakuja kupimwa.

Cassien alimpokea kwa furaha. "Mama Yvette, chai yangu nimeikosa sana!"

"Baba Cassien, sitakuchemshia tena. Vidonge vya sukari unakunywa?"

"Ninakunywa."

"Na uliwaambia wanganga wa kliniki unakunywa na majani?"

"Hawakuniuliza."

"Basi kesho tunaenda kliniki fasi moja, mimi na weye."

Mzee alinuna, lakini alikwenda. Kliniki wakamweleza kwamba kule kutetemeka huenda kulikuwa sukari kushuka kupita kiasi, vidonge na majani pamoja, na kwamba angeweza kulala asiamke. Njiani kurudi alitangulia, fimbo yake ikichora vumbi. Walipofika kwenye kisima cha pampu Godeberthe alitega dumu alilokuja nalo, akajaribu kusukuma mpini, vidole havikushika. Cassien akarudi, akaweka fimbo chini, akampampia mpaka dumu likajaa, kisha akalibeba yeye, huku Godeberthe akimshikia fimbo.