Kilio Changu Sokoni

Naikumbuka kwa hamu Babati ya wakati mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, ila aibu niliyoipata huko bado inaniwasha. Nilikuwa kijana niliyegawa kwa siri kijarida nilichokiandika mwenyewe, na nilifanya maigizo barabarani bila kumtangazia mtu.

Siku moja, kwa ajili ya igizo, nilijifunika shuka jeusi, nikaketi sokoni nikilia. Mama Neema, muuza nyanya jirani yetu, akanikumbatia na kupaza sauti:

"Jamani, mama yake kafariki!"

Wanawake wakaangua kilio. Badala ya kusema ukweli, nikanogewa, nikazidisha machozi. Ndipo mama yangu akatokea na kikapu chake. Wote wakamkodolea macho.

"Mwanangu, nani amekufa?"

"Mkoa wa Arusha, mama," nikajibu kwa sauti ndogo. "Tangu tutengwe nao, naulilia."