Kisima Chini ya Mteremko

Siku ile Taimi Raatikainen aliinuka mezani mara tatu kabla kahawa haijachemka. Alifunga dirisha, akalifungua, kisha akasimama katikati ya jiko la mama yake kama mtu aliyesahau alichokifuata.

Kaka yake, Urpo, alikuwa ameweka karatasi mezani. Alitaka kukata kipande cha pili cha msitu walioachiwa na baba, kile kinachoteremka hadi kijitoni. Msitu ulikuwa wa warithi wote, na bila sahihi ya Taimi mashine ya kukata miti isingeingia. Mama yao, Hilja, alikuwa ameshatia yake.

Taimi hakuwa mtu wa kubahatisha. Kwa miaka thelathini, kila mwaka tangu theluji iyeyuke hadi ardhi igande, kituo cha utafiti kilimtuma msituni kufyonza maji kwenye vikombe vilivyofukiwa chini ya mizizi na kuyapima. Alijua kwamba msitu wa nchi ile ya baridi ni bahili wa naitrojeni, chakula cha mimea. Udongo ni baridi, majani huoza polepole, na kila chembe inayofunguka mizizi huidaka. Ukikata miti yote, mizizi hufa, jua hupasha udongo, vijidudu huchachamaa, na naitrojeni hufunguka bila wa kuidaka. Mvua huichukua. Mwaka wa kwanza huoni kitu. Wa pili na wa tatu, maji yanasema.

Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu Urpo akate kipande cha kwanza, upande wa juu wa nyumba ya mama. Matawi mabichi aliyarundika mteremkoni, hatua chache juu ya kisima, yakingoja lori la kuyachukua, lililochelewa mwaka mzima. Kila majira ya kuchipua Taimi aliwafundisha wenye misitu wayatawanye, majani yapukutike na kulisha udongo pote, kwa maana chini ya rundo chakula huvuja kama mferejini. Kwa kaka yake alinyamaza. Urpo alikuwa na ulimi mkali, na Krismasi ilikuwa karibu.

Sasa mteremko ulikuwa umejaa maua marefu ya rangi ya waridi, na Urpo alijisifu kwamba ardhi imenona. Taimi aliyajua maua yale. Hufuata naitrojeni iliyofunguka kama nzi wanavyofuata bucha. Wiki iliyotangulia, mama akiwa kwenye sauna akioga mvuke, alichota chupa moja kisimani akaipima. Naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, ilikuwa mara nane ya ile aliyoipima yeye wakati baba angali hai. Haikuwa imefika kiwango cha sumu, lakini ilikuwa inapanda.

“Dada, kalamu haiumi,” Urpo alisema.

“Sitii sahihi.”

Urpo akamgeukia mama, akalalamika kwamba chupa za kupimia zimemharibu huyu binti, hata mvua ikinyesha anataka kuipima kwanza ndipo afungue mwavuli. Hilja akacheka. Hapo Taimi akaeleza habari za kisima na yale marundo ya matawi, na kicheko kikakatika.

“Maji ya babu hayo,” Urpo akasema. “Mama ana miaka themanini na minane na bado anapasua kuni. Yamemuua nani?”

“Bado hayajaua. Lakini kinachoingia kisimani ni chakula cha miche uliyopanda kule juu. Itakuja kula nini?”

Hilja akamgeukia binti yake. “Habari ya marundo ulijua lini, Taimi?”

“Kabla hayajarundikwa.”

“Ukaniacha ninywe.”

“Ndiyo, mama.”

Asiyejua akikosea hufundishwa. Anayejua akanyamaza hana pa kujitetea, na Taimi hakujaribu.

Urpo akaondoka, kikombe chake kimejaa. Katika nyumba zile, kuacha kahawa iliyokwisha kumiminwa ni sawa na kuupiga mlango teke. Hilja akavuta karatasi, akalikata jina lake kwa mstari mmoja. Kisha akasema kwamba kuanzia leo maji ya kahawa yatatoka chemchemi ya ng’ambo ya barabara, ndoo mbili kila asubuhi, kwa miguu, na mchotaji Taimi anamfahamu.

“Mpaka kisima kitakate. Wala usiniambie ni lini.”

“Huenda miaka mitano, mama, au zaidi.”

“Nimesema usiniambie.”

Taimi akachukua ndoo.